Charleston na Monk's House kwa siku moja bila kukwama njiani: mwongozo kamili

Kila jua la Juni likianza kuonekana naanza kupata meseji zile zile. Mtu katoka London na familia nzima kwenda Sussex kuona bustani na nyumba za waandishi, kafika, geti lina kufuli. Mwingine nyumba ya kwanza kaingia vizuri tu ila teksi ya kumpeleka ya pili haikutokea, kasimama pembeni ya barabara mpaka akakata tamaa. Mwingine kapigwa faini ndani ya treni hata ua moja hajaona.

Ukiwasikiliza wote wanafanana kitu kimoja, walianza kwa kukata tiketi ya treni. Treni ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hii safari, zinapita siku nzima. Kinachokosekana ni nafasi ndani ya nyumba na gari la mchana. Kwaiyo tunaanza na vigumu, treni inakuja baadae.

Tunakwenda sehemu mbili, zote karibu na mji wa Lewes, East Sussex. Ya kwanza ni Charleston, nyumba ya shambani aliyohamia mchoraji Vanessa Bell na mwenzake Duncan Grant mwaka 1916. Ya pili ni Monk's House, kijiji cha Rodmell, alikoishi mdogo wake Vanessa, yaani mwandishi Virginia Woolf, na mumewe Leonard kuanzia 1919. Historia inaishia hapo, nyingine utaikuta huko huko.

Kuhusu saa: nitaandika saa zetu na pembeni nitaweka zile utakazoziona kwenye tiketi, maana kuna watu wamebuku 17:00 wakiwaza saa 5 asubuhi. Usicheke, inatokea.

## Vitu vya kuwa navyo

- Tiketi za nyumba zote mbili, ziwe kwenye simu na screenshot zake pia. Usitegemee intaneti mlangoni.
- Teksi mbili ulizozibuku na namba ya kampuni uliyoiandika kwenye karatasi.
- Ramani ya Lewes, Firle (kijiji kilicho karibu na Charleston) na Rodmell uliyoidownload. Bondeni kule mtandao unakuja na kuondoka unavyojisikia.
- Pawabenki.
- Viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika. Sandali hapana, nitaeleza kwanini.
- Koti jepesi la mvua hata kama anga ni buluu tupu. Mwavuli unasumbua, kwenye vile vyumba vidogo utaambiwa uuache mlangoni.
- Suruali ndefu au soksi ndefu. Pembeni ya njia kuna majani yanayowasha kama upupu na kwenye nyasi ndefu kuna kupe.
- Dawa ya aleji kama chavua inakusumbua. Mei mpaka Julai nyasi zinatoa maua, na wengi waliohamia Uingereza wanagundua kuwa wana aleji siku wanayoingia kijijini.
- Maji na chakula cha mchana. Charleston kuna mgahawa, Monk's House hamna.
- Begi dogo. Begi kubwa la mgongoni utaambiwa ulibebe kwa mbele au uliache.

## Hatua ya 1: Tafuta siku ambayo nyumba zote mbili ziko wazi

Fungua kalenda ya Monk's House kwanza. Hiyo ndo inayobana: haifunguliwi kila siku ya wiki na majira ya baridi inafungwa kabisa. Ukishapata siku zake, nenda kalenda ya Charleston uone zinazogongana. Ukianza na Charleston utajichagulia siku nzuri alafu uje ugundue Rodmell wamefunga.

Usiamini saa zinazoonyeshwa na ramani ya simu. Nenda tovuti ya National Trust, taasisi inayotunza majumba ya kihistoria, kwa Monk's House, na tovuti ya Charleston wenyewe kwa Charleston. Ni wenye wawili tofauti, nitarudi kwenye hilo.

Kama una uhuru wa kuchagua, mimi ningechukua siku ya kazi, Alhamisi au Ijumaa. Jumapili ndo siku wanayopenda kufumua reli, unakata tiketi ya treni unajikuta kwenye basi linalozunguka vijiji. Jumamosi ni sawa ila kuna watu wengi.

Kwa upande wa maua: Aprili ni ya tulipu na miti ya matunda, Juni ni ya waridi, Agosti mpaka Septemba madahlia yanawaka. Ukiniuliza mimi nitakwambia Septemba mwanzoni, bustani bado imejaa na shule zimefunguliwa.

Utajua umefanikiwa: una tarehe moja, umeiona kwa macho yako kwenye tovuti zote mbili kwamba nyumba zinafunguliwa, sio bustani peke yake.

## Hatua ya 2: Kata tiketi za nyumba

Charleston omba kuingia nyumbani saa 5 na nusu asubuhi (11:30). Monk's House lenga saa 8 na nusu mchana (14:30), na kama siku hiyo hawatoi tiketi za saa maalum basi panga tu kufika muda huo.

Kwanini Charleston ianze? Sababu moja ni ya teksi, ipo hatua ya 3. Nyingine ni ya macho. Charleston Vanessa na Duncan walipaka rangi kila kitu, milango, meza, vitanda, sehemu za kuotea moto. Ukishakaa na mkono wao kwa saa moja, ukiingia Monk's House utaanza kuutambua kwenye meza na viti bila kuambiwa, kwasababu Virginia alikuwa anawapa kazi. Ukienda kinyume, Monk's House itakuwa nyumba ndogo tu yenye sebule ya kijani na fanicha za zamani.

Hapa kuna mitego mitatu, soma taratibu.

Kadi ya National Trust inakuingiza Monk's House bure. Charleston haiko chini yao, ina taasisi yake, kwaiyo ukienda na kadi mkononi utalipa kama kila mtu.

Charleston walifungua pia sehemu ya maonyesho Lewes mjini mwaka 2023. Ukiwa unanunua tiketi hakikisha imeandikwa Firle, sio Lewes. Sehemu ya mjini ina maonyesho yake mazuri ila ile nyumba na bustani haziko pale.

Alafu kwenye ramani ukiandika Charleston peke yake unaweza kupelekwa Marekani, hiyo utaistukia mapema. Mbaya zaidi ipo Charleston Manor, huko huko East Sussex, karibu na Seaford, na hiyo hautaistukia mpaka ushafika. Tumia postikodi: BN8 6LL kwa Charleston, BN7 3HF kwa Monk's House.

Utajua umefanikiwa: emaili mbili, tarehe moja, na kati ya kuingia nyumba ya kwanza na ya pili kuna saa 3 hivi.

## Hatua ya 3: Buku teksi mbili, sio moja

Hapa ndo safari nyingi zinapofia kwaiyo nisikilize vizuri.

Kutoka Lewes kwenda Charleston ni kama maili 6 au 7. Mabasi ya huko ni machache mno, na siku nyingine hayapo kabisa. Watu wanashuka steshen ya Lewes, wanakuta teksi zimepanga, wanapanda, wanafika kwa raha zao, alafu kurudi ndo balaa: uko shambani, mtandao unasuasua, na kila kampuni unayopigia inakwambia baada ya saa moja na nusu.

Siku za shule ni mbaya zaidi. Kuanzia kama saa 8 na nusu mchana mpaka saa 10 (14:30 mpaka 16:00) magari mengi ya vijijini yana mikataba ya kurudisha watoto nyumbani. Hela unayo ila gari hamna. Ndo maana tunahama kutoka nyumba moja kwenda nyingine saa 7 na nusu mchana, kabla ya hiyo purukushani.

Kwaiyo piga simu wiki moja kabla, kampuni ya Lewes, omba hivi:

1. Steshen ya Lewes kwenda Charleston, saa 4 na nusu asubuhi (10:30).
2. Charleston kwenda Monk's House, Rodmell, moja kwa moja, saa 7 na nusu mchana (13:30).

Ya tatu haipo. Kutoka Rodmell tunatembea.

Uliza bei ya jumla kabla hujakubali, na uliza kama dereva anachukua kadi au keshi. Mkiwa wanne mnagawana na inakuwa na maana, ukiwa peke yako itauma, siwezi kukudanganya. Wenye miguu wanashuka steshen ya Glynde wanatembea kupitia kijiji cha Firle mpaka Charleston, njia ni nzuri sana na pale kanisani Firle ndo walipozikwa Vanessa na Duncan, jirani kabisa. Ila hiyo inakula asubuhi yote, usiichanganye na mpango huu kama ni mara yako ya kwanza.

Utajua umefanikiwa: umepigia kampuni tena siku moja kabla na wamekutajia wenyewe zile saa mbili bila wewe kuwakumbusha.

## Hatua ya 4: Sasa kata tiketi ya treni

Nunua tiketi ya kwenda na kurudi kutoka London mpaka Southease. Sio Lewes. Southease ni kituo kidogo mbele ya Lewes, kwenye njia ya kwenda Seaford, na ndo tutakapopandia jioni. Asubuhi utashuka Lewes na kuiacha safari hapo, tiketi za Off-Peak (za nje ya saa za msongamano) kwa kawaida zinaruhusu. Zile zilizoandikwa Advance achana nazo, zinakufunga kwenye treni moja na ukichelewa imekula kwako.

Siku za kazi Off-Peak inaanza asubuhi ikishakuwa imechangamka, kwaiyo tafuta treni ya kwanza inayokubalika ambayo inakufikisha Lewes kabla ya saa 4 na nusu. Kama hiyo treni haipo siku yako, sogeza teksi ya kwanza na Charleston mbele nusu saa, bado mpango unakaa.

Mkiwa watu 3 mpaka 9 mnaosafiri pamoja tafuta punguzo la GroupSave, linakata theluthi moja ya nauli na halihitaji kadi yoyote. Wengi wanalipa kamili kwa kutolijua tu.

Onyo: usipite geti la Victoria, steshen ya London tunayoanzia, kwa kadi ya Oyster, ile ya usafiri wa London. Oyster haifiki Lewes. Geti litakufungulia kabisa, litakupa moyo, alafu huku mwisho wa safari huna tiketi halali. Faini yake tangu Januari 2023 ni pauni 100 na nauli juu yake, ukilipa ndani ya siku 21 inashuka mpaka pauni 50.

Utajua umefanikiwa: tiketi imeandikwa Southease pande zote mbili.

## Hatua ya 5: Victoria mpaka Lewes

Safari ni saa moja na dakika kidogo. Kitu kimoja tu cha kuangalia: baadhi ya treni za njia hii zinagawanywa mara mbili steshen ya Haywards Heath, mabehewa ya mbele yanaelekea kwingine na ya nyuma kwingine. Soma ubao kabla hujapanda, na ukishakaa sikiliza tangazo. Usiweke earphone mpaka umesikia neno Lewes.

Lewes nunua chakula cha mchana kama hukubeba, nenda chooni, jaza maji. Alafu toka nje kwa teksi yako.

## Hatua ya 6: Charleston

Ukifika mapema usikimbilie mlangoni, kaa kwenye bwawa lililo mbele ya nyumba. Saa yako ikifika ingia nyumbani kwanza, bustani baadae, maana nyumba ina saa na bustani haina.

Ndani vyumba ni vidogo na karibu kila kitu kimepakwa rangi kwa mkono, rangi ambayo haina kioo juu yake. Usiguse, usiegemee mlango, na kabla ya kupiga picha uliza. Usiharakishe studio, waliijenga 1925, ni chumba ambacho unaona kabisa watu walikuwa wanafanya kazi. Wapenzi wa uchumi nao wana lao: John Maynard Keynes alikuwa mgeni wa kudumu hapa, na kitabu kilichomtoa, kile cha kulaumu mkataba wa amani wa 1919, alikiandika nyumba hii.

Bustani iko ndani ya ukuta. Iangalie kwa jicho la mchoraji, walikuwa wanapanda maua ili wayakate wakayachore, ndo maana rangi zimegongana vile na mimea imesongamana kama soko la Jumamosi. Ukitegemea mistari iliyonyooka utasema haijatunzwa. Imetunzwa, sana tu.

Saa 7 na robo (13:15) uwe umeshakula na uko pale teksi inapogeuzia. Dereva wa kijijini haji kukutafuta bustanini.

Utajua umefanikiwa: uko ndani ya gari saa 7 na nusu na bado ulitaka kukaa.

## Hatua ya 7: Monk's House

Mwambie dereva akushushe kwenye ile barabara ya kijiji, inaitwa The Street. Ni nyembamba, parkingi ni ya shida, kwaiyo wanaokuja na gari lao wanapoteza muda kuzunguka wakati we unaingia tu. Utafika kabla ya saa yako, anza na bustani.

Nyumba Leonard na Virginia waliinunua kwenye mnada kwa pauni 700, ilikuwa haina maji ya bomba wala umeme. Bafu liliingia 1926, kwa hela ya vitabu vya Virginia. Mi hilo napenda kuliko maelezo yote ya sanaa.

Wageni wengi wanatoka hapa baada ya dakika 25 wakidhani wamemaliza. Vitu wanavyoviruka ni hivi.

Chumba cha kulala cha Virginia. Kiliongezwa 1929 na mlango wake uko nje, upande wa bustani. Hauwezi kukifikia ukiwa ndani ya nyumba, kwaiyo watu wanazunguka sebule ya kijani, wanaona imeisha, wanaondoka. Toka nje, zunguka, ingia. Mle angalia vigae vya sehemu ya moto, Vanessa ndo alimchorea mdogo wake, kuna mashua na mnara wa taa.

Banda la kuandikia la Virginia. Liko mwisho wa bustani, karibu na ukuta wa kanisa, lilihamishiwa hapo 1934. Unachungulia kwa kioo, meza iko pale. Wengi wanapiga picha wanageuka. We simama ulipe banda mgongo uangalie mbele: ule mlima kwa mbali unaitwa Mount Caburn, ndo mandhari aliyokuwa nayo akinyanyua kichwa.

Sanamu mbili za vichwa, cha Virginia na cha Leonard. Majivu yao yalizikwa kwenye bustani hii chini ya miti miwili ya elm waliyoipa majina yao. Miti yenyewe haipo tena, usipoteze muda kuitafuta.

Na bustani yenyewe, ambayo mkulima wake hasa alikuwa Leonard, aliendelea nayo mpaka alipofariki 1969. Bustani ya matunda hapo nyuma ndo sehemu ya kukaa ukapumzisha miguu. Kama kuna kitu cha Virginia ulishawahi kusoma, au umekuja nacho, kisome pale, kurasa chache tu.

Onyo: hapa hakuna pa kununua chakula. Kijijini kuna pub, ila majiko ya pub za vijijini yanafungwa mchana, usiifanye ndo mpango wako wa kula.

Utajua umefanikiwa: umefungua mlango wa chumba cha kulala, umesimama mgongo kwa banda, na saa yako inasoma karibu saa 10 na robo (16:15).

## Hatua ya 8: Tembea mpaka Southease

Ni kama maili moja na kitu, weka dakika 35 usije ukakimbia. Fuata alama za njia ya miguu kwenda Southease. Usifuate barabara kuu ya Lewes kwenda Newhaven, magari yanakimbia na hamna pa kukanyaga pembeni. Simu ikikwambia pita huko kwasababu ni karibu, ikatalie.

Njiani utapita kanisa la Southease lenye mnara wa duara, umbo la nadra sana Sussex. Alafu unashuka kwenye daraja la mto Ouse. Ni mto huo huo ambao Virginia alijitoa uhai Machi 1941. Usishuke kwenye kingo, mto huu unapanda na kushuka na bahari, matope yanateleza na maji yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Wenye watoto washikeni mkono hapo.

Mkikuta ng'ombe wenye ndama malishoni zungukeni mbali, msipite katikati ya mama na mtoto. Na kila geti mnalolifungua lifungeni.

Steshen iko ng'ambo ya mto. Haina mhudumu wala duka. Treni nyingi za njia hiyo zinapita bila kusimama, inayosimama ni kama moja kila saa, kwaiyo ratiba yake ya jioni iwe kwenye simu tangu nyumbani. Simama upande wa treni za kwenda Lewes, sio za Newhaven na Seaford.

Utajua umefanikiwa: umekaa platfomu dakika 10 kabla ya treni, viatu vina tope kidogo, na kabla ya saa 1 na nusu jioni (19:30) uko Victoria.

## Mambo yakiharibika

Teksi ya pili haijaja baada ya dakika 15. Nenda mapokezi Charleston waombe simu, wana uzoefu na hili. Ikionekana haiji kabla ya saa 8 na robo, omba gari ya kurudi Lewes badala ya Rodmell, madereva wanakubali haraka zaidi. Kutoka Lewes panda treni inayosimama Southease ufanye hatua ya 8 kinyume. Tiketi unayo tayari.

Monk's House imejaa. Usiende kwa matumaini. Weka kanisa la Berwick badala yake, kuta zake zilichorwa na Duncan Grant, Vanessa na mwanae Quentin wakati wa vita, na liko upande ule ule wa Charleston. Ila liko mbali na steshen inayoitwa Berwick, watu wanashuka pale wakidhani watalikuta nje, kwaiyo teksi ikupeleke kanisani kabisa na ikusubiri ikurudishe Lewes.

Mvua kubwa tangu jana. Njia ya bondeni inageuka bwawa. Omba teksi ya tatu, Rodmell kwenda Lewes, saa 10 na nusu jioni (16:30), magari ya shule yanakuwa yameshaachia.

Umeikosa treni ya Southease. Saa moja ya kusubiri, au kuna hosteli ya YHA hapo hapo jirani na steshen yenye mgahawa, kanywe chai. Weka alarm ya simu kabla hujaagiza.